Ilipanda au Ilishuka

Rosina alipoolewa Mkumbi, kijiji cha milimani, alipanda kutoka ziwani na mabegi mawili ya nguo na chungu kikubwa alichokipakata njia nzima ndani ya basi. Watu walidhani ni cha kupikia. Mama mkwe wake, Notburga, alipochungulia chumbani akakuta kimejazwa mchanga uliolowana, na ndani ya mchanga kimefukiwa chungu kingine kidogo chenye vichupa vya dawa. Akakaa na jambo hilo rohoni wiki nzima kabla ya kuuliza.

"Mwanangu, hii ni dawa ya nini?"

"Insulini, mama. Nina kisukari. Hapa hakuna friji, kwa hiyo naihifadhi humo isiharibike kwa joto."

"Kisukari?" Notburga akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Wewe? Na wembamba huo?"

Swali hilo Rosina alikuwa analijibu tangu yuko kidato cha pili, alipoanza kunywa maji kama mtu aliyemeza moto na kukonda hadi sketi ya shule ikawa inafungwa kwa kamba. Akalijibu tena. Akaeleza kwamba ugonjwa wake haukutokana na unene wala kulamba sukari, kwamba mwili wake uliacha tu kutengeneza kitu ambacho miili ya wenzake inatengeneza bila kuombwa, na kwamba bila sindano hawezi kuishi. Notburga alisikiliza kwa makini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane aliyesomesha watoto kwa mibuni aliyoachiwa na marehemu mumewe, na hakuna jirani aliyewahi kulala njaa huku yeye akiwa na unga ndani. Mwishoni akasema:

"Basi tutakulinda. Sukari katika nyumba hii hutaionja."

Rosina akacheka kidogo, akadhani ni maneno ya upendo. Na kweli yalikuwa ya upendo.

Mumewe, Protasi, alikuwa dereva wa lori la makaa ya mawe huko Ngaka, na mara nyingi alikuwa barabarani. Yeye aliujua ugonjwa huo vizuri. Walipokuwa bado wachumba Rosina alimkalisha chini akamfundisha: sukari ikipanda sana inaua polepole, ikishuka inaua upesi. "Ukiniona natoka jasho bila sababu, naongea kama mlevi, nimekuwa mkali bure, usiniulize maswali. Nipe soda, nipe maji ya sukari, chochote kitamu." Protasi alilishika somo hilo kama alivyoshika alama za barabarani. Lakini Protasi hakuwa nyumbani.

Nyumbani walikuwapo watu wengine, na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mmoja alimwambia ugonjwa huo ni wa matajiri, sasa yeye binti wa wavuvi ameupatia wapi. Mwingine alimsimulia, bila kuulizwa, habari za shangazi yake aliyekatwa mguu mmoja, ukafuata wa pili, na mwishowe akazikwa mfupi kama mtoto. Wapo walionong'ona kwamba sindano zile si za kisukari, ni za ule ugonjwa mwingine, na kwamba Protasi amefichwa ukweli. Vitalia, jirani yao, ambaye ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, alimshauri kwa sauti ya huruma aache sindano taratibu kwa sababu mwili ukizizoea ndiyo mwisho wake. Rosina aliwaeleza. Alimweleza kila mmoja kama ambavyo mtu anafagia uwanja wenye upepo, na alipochoka akaanza kunyamaza, na walipoona amenyamaza wakasema ana maringo ya watu wa ziwani.

Alipopata mimba, mambo yakawa mazito zaidi. Kliniki alikokwenda, mhudumu mmoja alisoma kadi yake, akaiweka mezani na kumuuliza mbele ya wajawazito wenzake, "Na hali hii, nani alikuambia ubebe mimba?" Daktari aliyemwona baadaye alikuwa mwelewa, akampangia dozi upya, akamsisitizia ale kwa wakati na asitembee bila kitu kitamu cha kumwokoa sukari ikishuka. Lakini yaliyobaki masikioni mwa Rosina alipokuwa njiani kurudi hayakuwa ya daktari.

Akanunua pakiti ya glukosi, biskuti na soda kadhaa, akaviweka chini ya kitanda.

Notburga alivikuta akifagia.

Hakupiga kelele. Alimwita mkwewe jikoni, akamwonyesha zile biskuti kama mtu anayeonyesha kitu kilichoibwa. "Kumbe ndivyo ulivyo. Mchana unakunywa chai bila sukari mbele yetu, halafu unajifungia chumbani na vitamu. Mwanangu anapumua vumbi la makaa akutibu, wewe unauchochea ugonjwa."

"Mama, hivyo ni dawa pia. Sukari yangu ikishuka..."

"Sukari yako ishuke, si ndiyo tunayoomba kila siku?"

Rosina akatazama zile biskuti. Ataanzia wapi? Kwa Notburga, sukari kushuka ilikuwa habari njema, kama homa kushuka. Mama yule akaimwaga glukosi shimoni na biskuti akawapa mbuzi. Soda akazipeleka kwa Vitalia, na pamoja na soda akapeleka habari.

Jumapili iliyofuata, jumuiya ilisali nyumbani kwao. Baada ya kuwaombea wagonjwa na wasafiri, Vitalia akainua mikono akamwombea "dada yetu aliyetawaliwa na tamaa ya vitamu, Bwana amwonee huruma yeye na kiumbe alichokibeba." Watu wakaitikia. Rosina alikuwa amepiga magoti nyuma karibu na mlango. Hildegardi, wifi yake, alimtazama kidogo kisha akatazama chini. Rosina alijisikia amevuliwa nguo.

Alimpigia simu Protasi. Mtandao ulikuwa unakatika. "Mama ana wasiwasi tu, mke wangu," alisema. "Huyu ni mjukuu wake wa kwanza. Mvumilie, nikirudi nitaongea naye." Rosina akavumilia. Hakununua tena glukosi. Alijiambia atakula kwa wakati tu, atakuwa mwangalifu, itatosha. Ukweli ni kwamba aliona haya. Kusimama dukani akinunua biskuti huku muuzaji akitazama tumbo lake lilikuwa jambo ambalo hakuliweza tena.

Wakati wa kuchuma kahawa ulipofika, mimba ilikuwa imekua, lakini hakuna mwanamke wa Mkumbi anayebaki ndani kahawa ikiwa imeiva. Asubuhi hiyo Rosina alijidunga, akala kiporo cha ugali na maharage, akaenda shambani na wenzake. Walikuwa Notburga, Hildegardi, Vitalia na wanawake wengine wa jumuiya waliokuja kusaidia. Chakula kilikuwa kiliwe mchana, lakini wingu lilikuwa limeanza kushuka mlimani, na Notburga akasema wamalize kwanza mistari ya juu kabla manyunyu hayajawakuta. Wakapanda juu.

Rosina alianza kuona matunda mekundu ya kahawa yakiwa mawili mawili. Mikono ikawa inatetemeka. Jasho likamtoka shingoni na mgongoni ilhali upepo ulikuwa baridi. Aliijua hali hiyo. Akachuma kahawa mbivu, akazitia mdomoni, akafyonza ule utamu mdogo wa maganda yake, akatema mbegu, akachuma nyingine.

"Hata kahawa anafyonza," akasikia sauti ya Notburga mahali fulani. Mtu akacheka.

Akaacha kikapu. Chini, pembeni ya shamba, kulikuwa na kibanda ambako Vitalia alikuwa ametangulia kuandaa chai ya wachumaji. Rosina alishuka akishika matawi. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Alifika, akaketi juu ya kiroba, akanyoosha mkono.

"Chai," akasema. "Ya sukari. Upesi."

Vitalia alimtazama uso, akaingiwa na hofu, akajaza kikombe kutoka kwenye birika. Ile chai ilikuwa tamu. Rosina aliinusa utamu wake kabla haijafika. Alikuwa tayari amekishika kikombe kwa mikono miwili Notburga alipoingia anahema, wachumaji wengine nyuma yake.

"Vitalia, unataka kuniulia mkwe na mjukuu?"

Akakichukua kile kikombe. Hakukipokonya kwa ukali. Alikitoa mikononi mwa Rosina kidole kimoja kimoja, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. "Huyu hali hii ni kwa sababu ya hivyo vitu. Mpe maji. Maji matupu. Alale apumzike."

Rosina alitaka kusema. Maneno yalikuwapo kichwani, lakini ulimi ulikuwa mzito, ukatoa sauti ambayo hata yeye hakuielewa. Halafu ikamjia hasira isiyo yake, ile ambayo alimweleza Protasi zamani. Akalirukia birika. Wakamshika. Akamuuma mmoja mkono. Wanawake wakaanza kusali kwa sauti, mwingine akisema ni pepo, mwingine akisema ni sukari imepanda kichwani. Vitalia alimmiminia maji mdomoni, yakamwagika kifuani. Katika kushikana huko Rosina akachomoka, akatoka nje, akakimbia kuelekea nyumbani, kwenye kopo la sukari la jikoni, kwa sababu kitu pekee kilichobaki akilini mwake kilikuwa lile kopo.

Njia ilipita kwenye shamba la maharage yaliyokwisha kuvunwa. Mashimo ya ngolo, yanayochimbwa kuzuia maji mlimani, yalikuwa wazi mteremko mzima, moja chini ya jingine, na matuta magumu yamezunguka kila shimo. Hildegardi alimwona akipita juu ya tuta la kwanza na la pili. Kisha akamwona akianguka kwa tumbo.

Walipomfikia alikuwa anatupatupa miguu, macho yamegeuka, damu inamtoka.

Walimpakia kwenye bodaboda, Hildegardi nyuma akiwa amemkumbatia. Kwenye zahanati, muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akamtundikia dripu ya sukari kabla hajauliza jina lake. "Imeshuka sana huyu," alisema. "Amekaa bila kitu kwa muda gani?" Rosina alirudi katika dunia taratibu, akaona dari, akaona uso wa wifi yake umelowa machozi, akahisi maumivu ya chini yasiyo ya sukari. Wakamhamishia hospitali mjini Mbinga. Mtoto alitolewa jioni. Alikuwa wa kiume, amekamilika, ana nywele nyingi, na hakulia.

Protasi alifika na nguo za kazi, mikunjo ya shingo yake imejaa weusi wa makaa. Alikaa kando ya kitanda. Mtoto alichukuliwa, akazikwa Mkumbi kando ya babu yake, mama yake akiwa bado wodini.

Rosina aliporuhusiwa kurudi Mkumbi, watu walikuja kumpa pole. Walikaa kwenye mikeka, wakala, na kila aliyeingia alimkuta Notburga akisimulia. "Sukari ilimpanda," alikuwa anasema. "Tulijitahidi, lakini ilimpanda ghafla." Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja mzee alimshika Rosina mkono akamwambia, kwa wema kabisa, "Ndiyo hivyo, mwanangu. Sukari imemla mtoto. Bora umebaki wewe."

"Haikupanda," Rosina akasema.

Hakusema kwa nguvu, lakini kila aliyekuwa mkekani aligeuka.

"Ilishuka. Niliomba chai, nikanyimwa. Sukari haikumuua mwanangu. Kunyimwa sukari ndiko kulikomuua."

Notburga akaweka bakuli chini. "Mnamsikia," akasema. "Mimi niliyemlinda kama yai." Akaanza kulia, na wanawake wakamzunguka kumbembeleza. Rosina akabaki peke yake kwenye mkeka wake.

Usiku ule Protasi alimuuliza chumbani. "Ilipanda au ilishuka?"

"Ilishuka."

"Mama anasema ilipanda."

"Muulize Hildegardi muuguzi alisema nini. Muulize nani alinitoa kikombe mkononi."

Protasi alikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu. Alikuwa anaelewa, Rosina aliona jinsi mabega yake yalivyoshuka. Lakini alfajiri alipotoka kurudi kazini alimsalimia mama yake "Shikamoo" kama kawaida, akapokea "Marahaba", akaondoka. Hakuuliza neno. Siku hiyo hiyo Rosina alifunga mabegi yake akateremka kwao.

Mama yake, Getrude, alimpokea bila maswali. Walianika usipa pamoja, wakala ugali wa muhogo, wakaenda kanisani. Huko nako midomo haikukosekana. Shangazi yake alimwambia pengine Mungu amempumzisha, maana mtoto angerithi, na kulea wagonjwa wawili katika nyumba moja si mchezo. Rosina alimwitikia, akaenda kukaa majini hadi miguu ikafa ganzi kwa baridi. Protasi alipiga simu mara kwa mara. Waliongea habari za mvua na barabara.

Kiangazi kilikuwa kinaisha Notburga alipoteremka kwenye basi la Mbamba Bay amebeba kiroba cha maharage. Hakuwa ametuma habari. Getrude alimkaribisha kama inavyopasa, akamwandalia samaki, akawaachia uwanja. Notburga alikuwa amezeeka. Alikaa kwenye kigoda, akatazama ziwa ambalo hakuwa amezoea kulitazama, akauliza habari za afya, akajibiwa. Kisha akasema, bila kugeuza uso:

"Siku ile. Nilipaswa kukupa nini?"

Rosina alikuwa amesubiri mengi, hakusubiri hilo. "Ile chai, mama. Au maji yenye sukari. Vijiko vichache tu."

"Vijiko vichache."

"Ndiyo."

"Na ungepona?"

"Ningekaa kidogo, ningerudi kuchuma."

Notburga akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayefuata hesabu. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani. "Nilimpigia yule muuguzi," akasema. "Hildegardi alinipa namba. Nilitaka aniambie kwamba wewe ni mwongo." Akakaza kitambaa chake cha kichwani. "Nilidhani nakuokoa, Rosina."

"Najua, mama."

"Protasi hajaniuliza. Anakuja, anakula, anaondoka. Usimwambie."

Rosina, ambaye alikuwa karibu kumshika mkono, akaurudisha wake. "Sina cha kumwambia," akajibu. "Anajua. Anangoja useme wewe."

Mama yule alilala kwao usiku mmoja, akaondoka na basi la asubuhi. Samahani hakuitamka, na Rosina hakuiomba. Lakini haikupita muda Protasi akaja mwenyewe, akasimama mlangoni kofia mkononi. "Mama ameniambia," alisema. Baadaye alisema na la kwake, kwamba alipaswa kurudi siku ile alipopigiwa simu, au aongee na mama yake hata kwa simu, na kwamba alinyamaza kwa kuwa kunyamaza kulikuwa rahisi. Rosina alimsikiliza hadi mwisho. Hakumwambia yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha.

Walipanga chumba mjini Mbinga. Glukosi ilikaa mezani, mahali pa wazi. Rosina hakurudi kuishi Mkumbi, ila walipanda pamoja siku ya kumbukumbu ya marehemu wote, kusafisha kaburi. Lilikuwa kaburi fupi, nyasi zimelifunika. Kule kijijini habari ilikuwa imebaki ile ile ya mwanzo. Notburga alimwambia mwanawe. Jumuiya hakuiambia, wala Rosina hakutegemea kwamba angeiambia. Siku hiyo Notburga alisimama mbali kidogo, upande wa kaburi la mumewe, akipangusa msalaba ambao haukuwa na vumbi.

Vitalia alikuja akainama kando ya Rosina, akaanza naye kung'oa majani. Alikuwa na lake moyoni, ilionekana. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, ile siku nilikupa kikombe. Nilikosea?"

"Hukukosea. Ulifanya sawa."

Rosina akamweleza. Akamweleza yote upya, polepole, kupanda na kushuka, jasho, kutetemeka, ulimi kuwa mzito, ule ukali, na kwamba ukimkuta mtu wa sindano katika hali hiyo na bado anaweza kumeza, mpe kitamu, usisubiri. Vitalia alisikiliza akiwa ameacha kufanya kazi, akiitikia kila mahali panapostahili kuitikiwa. Alipomaliza, Vitalia alimshika bega.

"Nimekuelewa kabisa," akasema. "Pole sana, mama. Basi na wewe ujitahidi, upunguze vitamu."

Rosina alimtazama. Akaitikia kwa kichwa, akainama, akaendelea kung'oa majani.